Usiku wa kwanza hauna duka

Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na kuna waliodhani mhariri kanifungia stoo. Hapana jamani. Nilikuwa baharini. Wala si kwenye pantoni la Kigamboni. Nilikuwa Seychelles, kwenye boti ya matanga, siku 7, na cheo changu humo ndani kilikuwa Bwana Chakula.

Kabla hamjauliza mwandishi wa gazeti kapata wapi hela za Seychelles: tulichanga. Watu 6, kila mwisho wa mwezi, miezi 14, kama mchango wa harusi. Mweka hazina wetu, ambaye ni mhasibu kweli, alikuwa mkali kuliko mama mkwe. Ukichelewa siku mbili unapigiwa simu saa 12 asubuhi.

Kwa ambao hamjawahi kusikia habari hizi, ziko namna mbili za kukodi boti. Ya kwanza unakodi na nahodha wake na mpishi wake, wewe kazi yako kupiga picha. Ya pili unapewa boti tupu. Unasaini mkataba, unapewa funguo na ramani, halafu unaambiwa kwaheri. Ni kama kukodi gari bila dereva, ila gari hili lina vyumba vya kulala, choo, jiko la gesi la pleti 2, friji na tangi la maji, na likikuharibikia hakuna fundi kando ya barabara. Bei yake ni nafuu kuliko ile ya kwanza, ndiyo maana na sisi tukaiweza.

Lakini hawakupi boti hivi hivi. Lazima awepo mtu mwenye cheti na uzoefu. Sisi tulikuwa naye: kijana wa Tanga aliyekulia kwenye ngalawa za baba yake, kisha akapata cheti Cape Town. Huyo ndiye Nahodha. Mkewe sisi tunamwita Shemeji. Walikuwepo pia Mhasibu, Mwalimu (dada mmoja anayefundisha sekondari) na Mwanasheria. Wa sita ni mimi.

Huyu Mwanasheria naomba mumkumbuke. Ni rafiki yangu tangu chuo. Mwaka wa kwanza pale Mlimani alikosa chumba nikambeba, tukalala kitanda kimoja mwaka mzima. Nilidhani hakuna kitu chake nisichokijua.

Tulipogawana kazi, Nahodha akasema yeye atashughulika na upepo na ramani. Mimi nikapewa vitu viwili: chakula, na mpango wa kufika, yaani kuanzia ndege inatua mpaka watu wanalala kwenye boti. Nikacheka. Nikaona nimepewa kazi ya watoto.

Nilianza kwa mbwembwe. Boti hizi mara nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi. Wa zamani wanatoka asubuhi, zinasafishwa, wapya wanaingia alasiri. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Vifungua kinywa 7, vyakula vya mchana 6, vya usiku 7. Tukitoa usiku 2 ambao tutakula nchi kavu, inabaki milo 18. Mara watu 6, ni sahani 108. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu kwa siku, kwa siku 7 ni lita 126, yaani chupa 84 za lita moja na nusu. Tangi la boti lina lita 600. Ukigawa, kila mtu ana lita 14 na kidogo kwa siku za kuoga, kupikia na kuoshea vyombo. Ndoo moja ile kubwa haifiki hata kujaa. Nikawatumia wenzangu ujumbe: jamani, kule hakuna kuimba bafuni.

Halafu nikawatumia maswali. Unapenda kula nini? Hupendi nini? Unakunywa nini? Majibu yalikuwa ya utani mtupu. Nahodha akajibu anakula chochote kisicholia. Mwalimu akasema hali pilipili. Mwanasheria akaandika maneno matatu: "Nakula kila kitu."

Nikaridhika. Mtu kazi yake ni kuuliza maswali, analipwa kwa kuuliza maswali, na bado nikaridhika na jibu la maneno matatu.

Sasa twende kwenye mpango wa kufika. Seychelles haidai viza kwa Watanzania, lakini lazima uombe kibali cha kusafiri kwa mtandao kabla ya kupanda ndege, na ueleze utalala wapi. Sisi tukaambatisha mkataba wa boti. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo kila mtu akaibeba, kwa sababu tulipitia Nairobi. Nikasoma pia kwamba nyama, matunda, mboga na mbegu havipiti uwanjani pale bila kibali maalumu. Visiwa vile vina mimea na ndege wasiopatikana kwingine duniani, hawataki wadudu wa watu. Mimi nikaogopa kupita kiasi. Nikawatangazia wote: mtu asibebe chakula, hata karanga. Kila kitu tutakikuta kwenye boti.

Na kweli nilikuwa na sababu ya kujiamini. Niliagiza vitu mapema kwa watu wanaopeleka vyakula kwenye boti pale Eden Island. Hicho ni kisiwa cha kutengenezwa na binadamu, kimeunganishwa na kisiwa kikubwa cha Mahé kwa daraja, kati ya uwanja wa ndege na mji mkuu, Victoria. Marina yetu iko hapo hapo. Ndege ilitakiwa kutua saa 8 mchana kwa saa za kule, ambazo ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Nikapanga vyakula vifike saa 10 jioni, sisi tukiwa tumeshapumzika.

Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha muda. Nikajaza 10:00.

Mmeshaona? Mimi sikuona. Mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu, ninayeandika saa kwenye habari kila siku, nilifikiri kwa Kiswahili nikajaza kwa Kizungu. Saa 10 yangu ya jioni ni 16:00. Wao walisoma 10:00, yaani saa 4 asubuhi. Wakaja na maboksi yao saa 4 asubuhi Jumamosi, wakakuta boti inasafishwa, hakuna wa kupokea, wakarudi nayo dukani. Kosa lote langu, wao walifanya nilichoandika.

Lililo baya zaidi ni hili. Walinitumia barua pepe kunieleza. Ilinifikia tukiwa tumekwama Nairobi, maana ndege yetu ilichelewa saa 5. Niliona kichwa chake, "Kuhusu mzigo wako", nikajua ni uthibitisho tu. Sikuifungua. Nikaendelea kutazama mpira kwenye simu ya Mhasibu.

Tulitua Mahé saa 1 na dakika 40 usiku. Foleni ya karatasi, mizigo, teksi mbili, mpaka tunafika marina ilikuwa saa 3 kasoro. Ofisi ya boti imefungwa, ila walituachia funguo kwa mlinzi, mzee mmoja mpole anayeongea Kikrioli na Kiingereza. Akatupeleka hadi kwenye boti yetu. Fikiria ngalawa, ila badala ya mtumbwi mmoja na marengu yake, ni mitumbwi miwili mikubwa imeunganishwa na sebule katikati. Hiyo ndiyo katamarani. Watu walipiga kelele za furaha. Njaa ilikuwa inatuuma sote. Tangu mchana tulikuwa na vitafunwa vya ndege tu.

Mwanasheria akaniuliza kimya kimya, tukiwa bado tunashusha mabegi, "Chakula kipo kweli?"

Nikamwambia, "Kipo. Dakika 10 tunakula."

Akaingia chooni. Alipotoka akakaa akasubiri.

Nikafungua friji. Tupu, inang'aa. Nikafungua kabati la kwanza: sufuria. La pili: sahani. La tatu: chumvi nusu pakiti na chupa ya siki. Ndipo nikatoa simu, nikaunga na intaneti ya marina, nikaisoma ile barua pepe. Mtandao haukuwa na huruma, ikafunguka haraka.

Niliwaeleza wenzangu. Wakanizomea kidogo, wakacheka. Nahodha na Mhasibu wakatoka kutafuta duka. Wakarudi baada ya dakika 20, duka limefungwa. Wakaanza kujadili tutafute mgahawa au tulale na njaa mpaka asubuhi. Wakati huo Mwanasheria alikuwa kimya pembeni. Mara akaanza kuongea. "Mnanicheka nini? Kwa nini mnanicheka?" Hakuna aliyekuwa anamcheka. Shati lake lilikuwa limelowa jasho kama mtu aliyetoka kuoga. Mikono inatetemeka. Mimi nilidhani ni uchovu. Nikamwambia akalale.

Mwalimu ndiye aliyeinuka. Akamshika mkono, akamtazama, akasema, "Huyu sukari imeshuka. Mama yangu huwa hivi hivi. Ana kisukari huyu?"

Nikasema hapana. Nilisema kwa uhakika kabisa. Rafiki yangu, nilimbeba mwaka mzima, hana kisukari.

Mwalimu akafungua begi lake. Humo kulikuwa na kalamu za sindano za insulini na kile kipimo kidogo cha kidole. Akampima: 2.6. Sukari ikiwa chini ya 4 tayari ni tatizo. Yule ndugu alijichoma sindano ya insulini chooni, ile ya kufanya kazi haraka ambayo mtu huchoma anapokaribia kula, kwa sababu mimi nilimwambia dakika 10 tunakula. Pipi za glukosi alizobeba kwa dharura alizimaliza Nairobi kwenye zile saa 5.

Sasa tafuta sukari kwenye boti yenye chumvi na siki.

Nilikimbia kwenye lile gati kama mwizi. Nikamkuta mzee mlinzi kwenye kibanda chake anajiandaa kula. Sikumbuki nilimwambia nini, nakumbuka nilisema neno sukari kwa Kiingereza mara nyingi. Hakuuliza swali. Alichukua soda yake na kifuko chenye mkate na kimfuko cha wali na samaki, chakula chake cha zamu, akaja nami mbio, mzee wa umri wa baba yangu.

Tukamnywesha soda kidogo kidogo. Mwalimu aliangalia kwanza kama anaweza kumeza, maana mtu aliyezimia humwagii kitu mdomoni, atapaliwa. Nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, ina karibu gramu 15 za sukari. Ukishampa unasubiri dakika 15 unapima tena, ikiwa bado iko chini unarudia. Sisi tulirudia mara 2. Zile dakika 15 za kwanza sijui niziite nini. Nilikaa nimemshika mguu, najiuliza nitamwambia nini mama yake.

Kipimo cha tatu kilisoma 5.1. Akatutazama akauliza kwa nini tumemzunguka. Kisha akala mkate na wali wa mzee wote. Mzee akasimama mlangoni anamwangalia anavyokula, mpaka akamaliza. Sisi wengine tulilala na njaa, na hakuna aliyelalamika.

Asubuhi nilimtoa Mwanasheria pembeni. Nilikuwa na hasira, nisiwadanganye. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aligunduliwa miaka 2 iliyopita. "Ukijulikana tu unaumwa, watu wanaanza kukupangia. Ungeniuliza mara tatu kama nina uhakika nataka kuja. Halafu ungemuuliza Nahodha kama ni salama. Halafu ningebaki Dar."

Nilitaka kubisha, nikashindwa. Ningefanya hivyo hivyo.

Kisha akasema jingine. "Na wewe hukuniuliza naumwa nini. Uliniuliza napenda kula nini."

Basi Jumapili asubuhi tulianza upya. Soko kubwa la Victoria, lile la Sir Selwyn Selwyn-Clarke, Jumapili hufungwa. Siku yake hasa ni Jumamosi asubuhi, na tulishaikosa. Tukanunua dukani kwa bei ya dukani. Mzigo wetu wa mwanzo tuliupata Jumatatu, tukiwa tumeshanunua nusu yake. Nahodha akapewa maelezo ya boti, na tulipomaliza kila kitu ilikuwa saa 8 mchana. Kutoka Mahé hadi Praslin ni kama maili 25 za baharini. Kwa mwendo wetu ni saa 4 na zaidi. Mkataba unakataza kusafiri usiku, na jua kule linazama saa 12 na dakika chache. Kwa hiyo siku ile hatukuweza kuvuka. Tulienda kutia nanga hapo karibu tu, kwenye hifadhi ya bahari ya Ste Anne, ile iliyoanzishwa mwaka 1973, taa za Victoria zikionekana mbele yetu. Saa zisizofunguliwa barua pepe zilitugharimu siku nzima kati ya 7.

Usiku huo tulikaa wote 6 mezani tukapanga chakula upya, na safari hii Mwanasheria ndiye aliyeshika kalamu. Hapo ndipo nilipojifunza kazi niliyodhani ni ya watoto.

Tulianza na watu kabla ya vyakula. Nani anatumia dawa, ya nini, saa ngapi, na lazima ale kabla au baada. Ikagundulika Shemeji ana vidonda vya tumbo, naye hakuwa amesema. Mhasibu anatapika baharini hata bahari ikiwa shwari, tena alikuwa ameficha vidonge vyake kama mtu anayeficha hirizi. Watu 6, watatu tulikuwa hatujui habari zao. Kila siku tukaipa saa za kula zisizobadilika hata ikinyesha, na sehemu moja, boksi la bluu chini ya meza, likawa na soda, biskuti na glukosi ambavyo mtu haruhusiwi kugusa kwa uroho.

Halafu friji. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na isigande kabisa, ikiganda imeharibika. Friji ya boti ina bamba la baridi, kitu kikiligusa kinaganda. Kwa hiyo dawa ilikaa kwenye kopo la plastiki, katikati, mbali na bamba. Kalamu inayotumika inaweza kukaa nje. Aina nyingi huvumilia wiki 4 hivi mradi joto lisizidi nyuzi 30 na jua lisiipige. Na friji hiyo inakula betri. Nahodha aliwasha injini saa moja asubuhi na saa moja jioni kila siku ili kuzijaza, na ikawa marufuku kufungua friji ili tu kuangalia kuna nini. Mnajua ile tabia ya nyumbani.

Kuvuka tukavuka Jumatatu. Ilikuwa Agosti, kusi limekolea. Ndiyo, kusi hilo hilo letu, ndugu zangu wa pwani: upepo ule ule wa kusini mashariki uliokuwa ukisukuma majahazi ya wazee kwenda Uarabuni unapita pia Seychelles, kuanzia Mei hadi Oktoba. Tukielekea Praslin ulitupiga ubavu wa kulia na mawimbi yakawa ya kweli. Siku kama hiyo hupiki. Nilishapika pilau alfajiri tukiwa bado tumetulia, nikachemsha mayai, chapati zipo, tangawizi ipo kwenye chupa ya chai. Chakula cha kuvukia ni kile unachokula kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili umeshika boti. Mhasibu hakula hata hicho. Saa 7 kamili Mwanasheria alikula, nikimtazama kama askari magereza, mpaka akaniambia nigeuke.

Siku zilizobaki zilikuwa nzuri sana, na mimi si mtu wa kuwatesa kwa picha. Curieuse tuliona kobe wakubwa kama meza za kahawa. La Digue tulikodi baiskeli. Anse Lazio, kule kaskazini magharibi mwa Praslin, kusi halifiki vizuri, tukalala kama watoto. Tulikula kwa mpangilio: mboga za majani na ndizi mwanzoni, kabichi, karoti, vitunguu na viazi katikati, makopo mwisho. Ndoano tuliburuta nje ya hifadhi tukapata jodari mmoja tu kwa wiki nzima. Namshukuru Mungu sikumweka samaki huyo kwenye hesabu.

Ijumaa jioni tulirudi Eden Island, maana boti inarudishwa asubuhi na ni vizuri ulale pale pale. Mzee alikuwa zamu. Tulimpelekea mchele uliobaki, sukari, mafuta, na Mwanasheria akampa soda kreti nzima. Mzee akacheka, akasema alimpa moja tu. Kisha akaingia kibandani akatoka na shelisheli la kuchoma, moto moto, tukalila na siagi. Kumbe kule kuna msemo kwamba ukila shelisheli visiwani mwao lazima utarudi. Nikamwambia sisi kwetu tunda hili tunaliita jina la nchi yake. Hakuamini mpaka Shemeji akamwapia.

Kwa wanaojichanga kwenda, au hata mnaokwenda Mafia na jahazi la kukodi, haya ndiyo niliyolipia ada:

Ndege ifike siku moja kabla ya boti. Gharama ya usiku mmoja wa nyumba ya wageni ni ndogo kuliko siku ya boti mliyoipoteza.

Chakula cha usiku wa kwanza kitoke mkononi mwako, kisitegemee mtu mwingine. Biskuti na karanga za dukani zilizofungwa nunueni uwanja wa ndege mnakopitia, mkafike mkaonyeshe kama mtaulizwa.

Saa andika kwa namna ya saa 24, halafu mpe mwenzako aisome kwa sauti.

Maboksi ya karatasi yabaki gatini, mende hupenda kusafiri humo. Bebeni vikapu vyenu vya ukili, Seychelles ilipiga marufuku mifuko na sahani za plastiki tangu mwaka 2017.

Na kila mtu aulizwe peke yake, pembeni, si kwenye kundi ambako watu wanataniana: unaumwa nini, unatumia dawa gani, nifanye nini ukizidiwa. Akijibu "nakula kila kitu", muulize tena.

Mwanasheria kaisoma hii kabla sijaiweka hapa, kaniruhusu. Alisahihisha kitu kimoja tu. Nilikuwa nimeandika tulirudia soda mara 3, akasema ni mara 2. Nikamuuliza amejuaje na alikuwa hajitambui. Akasema alimuuliza Mwalimu.

Haya, tuonane wiki ijayo. Mhariri ananiita.